Ifahamu Hulka ya Koleriki: Moto Unaopika na Moto Unaounguza



Ndugu msomaji, katika kila jumuiya, iwe seminari, familia, kwaya au Jumuiya Ndogo Ndogo, hakosekani mtu ambaye mambo hayaanzi mpaka afike. Akifika, kikao kinapata mwelekeo, michango inakusanywa na kazi inaanza. Lakini kikao kikiisha, utakuta watu wawili watatu wamebaki nje wakinong'ona kwamba maneno yake yamewaumiza. Anasifiwa na kulalamikiwa siku moja. Wengine humwita kiongozi wa kuzaliwa, wengine humwita mkorofi. Mapokeo ya kale yalimpa jina la koleriki.

Katika makala haya tunataka kuitazama hulka hiyo: ilikotoka, inavyotenda kazi, hatari zake, na namna neema ya Mungu inavyoweza kuifanyia kazi. Tunakiri tangu mwanzo kwamba hatuandiki kama watazamaji. Sisi tunaoandika ni miongoni mwa hao wenye nyongo nyingi, kama mtakavyoona mbele.

1. Hulka ni nini, na jina hili limetoka wapi?

Hulka ni maelekeo ya asili anayozaliwa nayo mtu: wepesi au uzito wake wa kuguswa na jambo, na muda ambao mguso huo hukaa moyoni mwake. Tabia ni kile tunachojenga juu ya hulka hiyo kwa malezi, mazoea na maamuzi yetu. Watazame watoto wawili wa mama mmoja. Mmoja akinyang'anywa mpira hulia, na baada ya dakika tano amesahau. Mwingine halii, anakunja uso na kuupigania mpira ule mpaka jioni. Hakuna aliyewafundisha.

Wagiriki wa kale walijaribu kueleza tofauti hizo kwa kutazama mwili. Hipokrati, tabibu aliyezaliwa yapata mwaka 460 kabla ya Kristo, pamoja na wanafunzi wake, walifundisha kwamba afya hutegemea uwiano wa majimaji ya mwilini. Galeni wa Pergamo, tabibu wa karne ya 2 baada ya Kristo, aliyaendeleza mafundisho hayo. Majimaji yenyewe yalikuwa manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kutokana nayo yakaja majina manne ya hulka: sangwini, mtu mchangamfu, flegmatiki, mtu mtulivu, melankoli, mtu anayezama katika fikra na huzuni, na koleriki, mtu wa nyongo ya manjano, jasiri na mwenye kupenda kushindana. Neno hilo linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyongo. Hata Kiswahili huunganisha nyongo na ghadhabu: mtu aliyesema yote yaliyomkera, tunasema ametema nyongo.

Tahadhari moja ni muhimu. Sayansi ya tiba iliyaacha zamani mafundisho hayo ya majimaji manne, na hakuna daktari atakayekupima nyongo ili ajue hulka yako. Hata hivyo wachunguzi wa tabia za watu waliendelea kuona kwamba makundi hayo yanagusa jambo la kweli. Katika karne ya 20 mwanasaikolojia Hans Eysenck alimweka koleriki katika kundi la watu wenye kuelekea nje zaidi kuliko ndani, na wakati huohuo wepesi wa kusukumwa na hisia. Basi tuyatumie majina haya kama kioo cha kujitazama, tusiyafanye kuwa muhuri wa kumpiga mtu usoni. Tena hakuna aliye na hulka moja tupu. Sote ni mchanganyiko, ila mara nyingi moja hutawala.

2. Koleriki anavyotenda kazi

*Huguswa upesi, na mguso hudumu.* Sangwini naye huguswa upesi, lakini husahau upesi. Koleriki akiguswa huwaka, na moto wake haulali. Ndiyo maana akipenda jambo hulifuata kwa miaka, na akikosewa hukumbuka siku, saa na mahali.

*Huona lengo kwanza.* Ukimwonyesha kiwanja kitupu, yeye tayari anaona kigango kikiwa na paa na kengele. Hilo ni jambo jema. Shida ni kwamba kati yake na lile paa kuna watu, na mara nyingine anawaona watu hao kama vifaa vya kazi, au kama vizuizi.

*Hupenda kushindana.* Mechi ya kirafiki ya Jumamosi kwake si ya kirafiki. Matokeo ya mtihani yakibandikwa, jicho lake huanza kwa jina la mpinzani wake kabla ya jina lake mwenyewe. Hata katika ibada anaweza kushindana: nani anawahi kanisani, nani anapiga magoti muda mrefu zaidi. Ushindani humwamsha na kumpa nguvu. Bila mpinzani au kazi ngumu, husinyaa na kuanza kutafuta ugomvi.

*Huamua haraka na hujiamini.* Wengine wakiwa bado wanauliza, yeye ameshaanza. Kwenye dharura, kama moto umezuka au mgonjwa anahitaji kupelekwa hospitali usiku, mshukuru Mungu kama yupo. Katika mambo yanayohitaji kusikilizana, haraka ileile hugharimu.

*Huona vigumu kusema "nimekosea".* Atarekebisha kosa kimyakimya, atakufanyia hata wema wa ziada ili yaishe, lakini neno la kuomba msamaha linamkwama kooni. Analiona kama kushindwa, na kushindwa ndiko anakokuogopa kuliko maumivu.

Ukizitazama alama hizi utaona kwamba hakuna hata moja iliyo dhambi kwa yenyewe. Zote ni nguvu. Swali la kimaadili linaanza pale tunapouliza: nguvu hii inamtumikia nani?

3. Wanafalsafa wanatusaidia

Aristoteli, katika kitabu cha saba cha Maadili ya Nikomako, anaifananisha hasira na mtumishi mwenye pupa anayetoka mbio kabla hajasikia agizo lote, kisha akaenda kufanya kazi isiyo yenyewe. Mfano huu unamfaa sana koleriki. Mtumishi yule si mvivu wala si mwasi. Amesikia sauti ya bwana wake, ambayo ni akili, ila amesikia nusu. Akili imesema, "Hapa pana kosa." Kabla haijamaliza kusema kosa ni la nani, lina uzito gani na lirekebishwe vipi, hasira imeshafika mlangoni na rungu mkononi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anaendelea kutoka hapo. Katika Summa anatofautisha nguvu mbili za hisia ndani yetu: ile inayovutwa na jambo zuri na kukimbia baya, na ile inayoinuka kupambana pale jema linapokuwa gumu kupatikana. Hii ya pili ndiyo nguvu ya koleriki. Mungu ameiweka ndani ya mwanadamu ili tusiache jema kwa sababu tu lina miiba. Kwa hiyo Thoma hafundishi kwamba kila hasira ni dhambi. Hasira inayofuata akili inaweza kuwa njema, na mtu asiyekasirika hata pale anapopaswa kukasirika naye ana kasoro.

Tunapenda kusisitiza mambo mawili zaidi kutoka kwake. La kwanza ni chanzo cha hasira. Thoma anafundisha kwamba hasira huzaliwa na kuona umedharauliwa, na kwamba mtu huwa mwepesi zaidi kukasirika akidharauliwa katika jambo lile analojiona bora. Basi, ewe koleriki, ukitaka kujua kiburi chako kimejificha wapi, angalia ni wapi unawaka upesi. Anayewaka akikosolewa uimbaji, ameweka moyo wake kwenye sauti yake. Anayewaka akikosolewa uongozi, ameuweka kwenye kiti.

La pili ni dawa. Mtu angetarajia kwamba dawa ya koleriki ni unyenyekevu peke yake. Thoma anaweka fadhila mbili pamoja: ukuu wa moyo na unyenyekevu. Ukuu wa moyo humwimarisha mtu asikate tamaa mbele ya mambo makubwa. Unyenyekevu humzuia asiyatamani makubwa kupita kipimo chake. Mlezi anayempa koleriki unyenyekevu tu bila ukuu wa moyo anaweza kumvunja. Anayempa ukuu wa moyo tu bila unyenyekevu anamlea dikteta wa parokia.

4. Banda la kuku

Turuhusuni sasa tusimulie yaliyotupata wenyewe. Katika mwaka mmoja wa malezi yetu tulikabidhiwa kuongoza kikundi cha mafrateri kufyatua matofali na kujenga banda la kuku. Kikundi kingine kilijenga banda la pili upande wa pili wa bustani. Hakuna aliyesema kwamba ni mashindano. Sisi tulijisemea moyoni kwamba ni mashindano, na tangu siku ile hatukulala vizuri.

Siku ya tatu mwenzetu mmoja alisema anajisikia homa na anaomba kupumzika. Tulimjibu mbele ya wote kwamba uvivu una majina mengi, na homa ni mojawapo. Wengine walicheka. Yeye alinyamaza, akachukua kibao chake cha tofali, akaendelea. Jioni alitapika, na zahanati ikamkuta na malaria.

Banda letu lilikwisha siku mbili kabla ya la wenzetu. Tulimwita mlezi wetu aje kulitazama. Alilizunguka taratibu, akagusa ukuta, akatazama paa, kisha akauliza: "Frateri, banda limekwisha. Wenzako wako wapi?" Tuligeuka. Hapakuwa na mtu. Walikuwa wamekwenda upande wa pili kuwasaidia wale wengine kumalizia, na sauti za vicheko vyao tulizisikia kutoka pale tuliposimama.

Ilituchukua siku nne kwenda kumwomba msamaha yule mwenzetu. Siku nne, kwa safari ya vyumba vitatu. Tulipofika tulianza kwa kueleza ugumu wa kazi ile, na yeye akatukatiza kwa upole: "Kazi haikuniumiza. Niliumia uliponiita mvivu mbele za watu." Hapo ndipo somo la Mtakatifu Thoma kuhusu dharau lilipotuingia. Tulikuwa tumelijibu vizuri kwenye mtihani.

5. Wana wa ngurumo, na askari wa Pamplona

Maandiko Matakatifu hayawafichi watu wa namna hii. Yakobo na Yohane, ambao Bwana aliwaita wana wa ngurumo (Mk 3:17), walitaka moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze Wasamaria waliowanyima mapokezi (Lk 9:51-56). Ndugu haohao waliomba viti vya kuume na kushoto (Mk 10:35-45). Tuangalie Yesu anavyowajibu. Anawakemea kuhusu moto. Kuhusu viti, hawaambii waache kutamani ukuu. Anawaonyesha ulipo, yaani katika kuwa mtumishi wa wote. Na Yakobo akawa wa kwanza kati ya wale Kumi na Wawili kuuawa kwa ajili ya Bwana (Mdo 12:2).

Mtume Paulo naye hakuzimwa moto wake njiani kuelekea Damasko. Baada ya wongofu tunamwona akimpinga Petro ana kwa ana (Gal 2:11) na akitofautiana vikali na Barnaba kwa sababu ya Marko, hata wakaachana (Mdo 15:36-40). Lakini katika barua ya pili kwa Timotheo anaomba aletewe Marko yuleyule, kwa kuwa anamfaa katika huduma (2 Tim 4:11). Kwa koleriki, kumwita tena mtu aliyemkataa ni ushindi mkubwa kuliko kushinda ubishi.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yetu, ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Alizaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Wabaski, akakua akitamani sifa za kijeshi. Mwaka 1521 Wafaransa walipoizingira ngome ya Pamplona, wenzake walitaka kusalimu amri. Yeye aliwashawishi wapigane, mpaka mzinga ulipomvunja mguu. Mfupa ulipounga vibaya ukatokeza chini ya goti, aliomba ukatwe, katika zama zisizo na dawa ya ganzi, kwa sababu asingeweza kuvaa buti za kubana alizozipenda. Hiyo ndiyo hulka tunayoizungumzia.

Akiwa kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, lakini nyumbani hakukuwa navyo. Alipewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Alipovisoma, ushindani wake uliamka: kama Fransisko na Dominiko waliweza kufanya haya, kwa nini yeye asiweze? Utaona kwamba bado ni yuleyule, anatafuta wa kushindana naye. Mungu alianzia hapo alipomkuta. Mwaka uliofuata, akiwa safarini, alikutana na Mwislamu mmoja aliyesema jambo kuhusu Bikira Maria lililomkera. Baada ya kuachana alianza kujiuliza kama amfuate amchome kisu. Aliposhindwa kuamua, alimwachia nyumbu wake achague njia, na kwa bahati njema nyumbu alichagua njia nyingine. Huko Manresa alifunga na kujitesa kupita kiasi hata akaharibu afya yake, kana kwamba utakatifu nao ni ngome ya kutekwa.

Kilichombadilisha ni miaka mingi ya kujifunza kusikiliza mwendo wa roho yake na kukubali kuwa mdogo. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 30 aliketi Barcelona kujifunza Kilatini pamoja na watoto. Shirika la Yesu lilipokubaliwa na Papa Paulo III mwaka 1540, na wenzake wakamchagua kuwa mkuu mwaka 1541, alikataa, akaomba wapige kura upya, na akakubali baada tu ya kupata shauri la muungamishi wake. Padre Luís Gonçalves da Câmara, aliyeishi naye Roma katika miaka yake ya mwisho, ameandika kwamba Inyasi alikuwa koleriki sana kwa asili, lakini alikuwa amejitawala kiasi kwamba matabibu walimdhania ni flegmatiki. Moto ulikuwepo mpaka kifo chake mwaka 1556, ila ulikuwa ndani ya mafiga.

6. Mazoezi kwa mwenye hulka hii

Tunapendekeza mambo matano, ambayo nasi bado tunahangaika nayo.

1. *Msikilize mtumishi hadi mwisho.* Ukihisi kuwaka, usijibu mpaka umeweza kurudia kwa maneno yako kile alichosema mwenzako, naye akubali kwamba ndicho alichosema.
2. *Tafuta dhamiri kila siku.* Inyasi aliwaachia wanafunzi wake zoezi hili. Koleriki aongeze maswali matatu: Leo nilitaka nini hasa? Nani aliumia njiani? Je, nilifurahi mwenzangu alipofanya vizuri kuliko mimi?
3. *Chagua kazi isiyoonekana.* Osha vyombo zamu isiyo yako. Lisha nguruwe. Kaa chini ya kiongozi mwenye mwendo wa polepole bila kumsukuma.
4. *Omba msamaha siku hiyohiyo.* Na kama ulimkosea mbele ya watu, rudi mbele ya watu haohao.
5. *Mweleze baba wa kiroho hata ushindi wako.* Tumezoea kumpelekea maanguko yetu tu. Koleriki mara nyingi huanguka akiwa juu, siku anayopigiwa makofi.

7. Kwa wanaoishi naye

Msimwogope. Tumeona vigango ambavyo kiongozi mmoja huamua kila kitu, si kwa kuwa ni mbaya, bali kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwambia ukweli mapema. Mwambieni faraghani, kwa ufupi, mkitaja tendo lenyewe; mkimkosoa hadharani atasikia dharau tu. Mpeni kazi yenye uzito na mipaka iliyo wazi. Wazazi wenye mtoto wa namna hii, msilenge kuuvunja utashi wake. Mpeni sababu ya amri, mtimizeni mlichosema, na mwombeni radhi mkikosea, ili aone kwamba mtu mwenye nguvu naye huomba radhi.

Hitimisho

Mama anayepika hauchukii moto. Anaupangia mafiga matatu, anaongeza au kupunguza kuni, na nyumba nzima inakula. Moto huohuo ukitoka jikoni, nyumba inateketea. Hulka ya koleriki ni moto tuliopewa bila kuuomba. Kanisa linauhitaji: linahitaji mapadre watakaofika vijiji vya mbali mvua ikinyesha, na walei watakaosema ukweli wengine wakinyamaza. Lakini linauhitaji ukiwa umewekwa mikononi mwa Yule aliyesema kwamba Yeye ni mpole na mnyenyekevu wa moyo.

Yule mwenzetu wa banda la kuku bado tuko naye darasani. Wiki iliyopita alitupita kwa alama katika somo la metafizikia. Tulikwenda kumpongeza siku ileile. Haikuwa rahisi, na tulikuwa tumeshahesabu tofauti ya alama kabla hatujabisha hodi. Tuombeeni, nasi tunawaombea.